Mchwa Hawana Rula

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa karakana na aproni, nikapewa saa ya ukutani. Nashukuru kwa saa, ingawa imenifika wakati ambapo sina tena haja ya kujua ni saa ngapi. Zubeda, ambaye sasa anakaa kwenye meza yangu, aliniomba niandike kidogo juu ya kazi ya kufunga vitabu, kwa ajili ya wale watakaokuja baada yetu. Nilimwambia kazi hii haiandikwi, mikono ndiyo inayoijua.

"Basi andika makosa, Mzee," akasema. "Hayo unayo mengi."

Ni kweli. Kwa hiyo naandika makosa. Moja, la mwaka wangu wa mwisho, nitalitengea kurasa nyingi kuliko mengine, kwa sababu hayo mengine yalirekebishika kwa sindano na uzi.

Nilianza kazi hapa Arua, mji ulio karibu na mpaka wa Congo, mara tu baada ya kumaliza sekondari. Siku ya kwanza nilikuja na shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, kwa kuwa nilidhani kufunga vitabu ni kazi ya kusoma. Fundi mkuu wakati huo alikuwa Mzee Candia, mtu mfupi, mwenye vidole vilivyopinda kama ndoana. Alitazama shati langu, akanipa sufuria na mwiko.

"Koroga."

Ilikuwa gundi. Siku zile gundi yetu tuliipika wenyewe: unga wa muhogo kutoka Ayivu, unachekechwa kwenye kitambaa mara mbili, unatiwa maji na shabu kidogo ili wadudu wasiipende. Niliiacha ikashika mabonge. Mzee Candia akachovya kidole, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii uji unapikia mgonjwa gani?" akauliza.

Wiki mbili nzima sikugusa karatasi. Nilipika uji wa wagonjwa mpaka ukawa gundi. Kisha nikaonyeshwa vyombo: msharasi wa kutobolea, sindano, uzi uliopakwa nta, ubavu wa ng'ombe uliolainishwa na mikono ya mafundi watatu walionitangulia, ambao tunautumia kukunjia karatasi, na mwisho kile kisu kirefu chenye mpini wa chuma kilichofungwa mezani. Mbele ya kisu Mzee Candia alisimama kama mtu aliye kanisani.

"Sindano ikikosea, unafumua," alisema. "Gundi ikikosea, unalowesha. Kisu kikikosea, unaomba msamaha."

Alinionyesha pia sanduku la migongo. Wengi wenu mnalijua, lakini kwa asiyejua nieleze. Chini ya kitambaa cha mgongo wa kitabu huwa tunabandika kipande cha karatasi, upana wa vidole vitatu, ili mgongo usilegee. Msomaji hakioni maisha yake yote. Mzee Candia hakutupa hata kipande kimoja kilichotoka kwenye kisu. Kila ukingo uliokatwa uliingia sandukuni, na siku yake ikifika uliingia ndani ya mgongo wa kitabu cha mtu. Hivyo vitabu vingi vya wilaya hii vimebeba ndani yao ratiba za mitihani, kalenda, na barua za watu ambao hawajui barua zao ziko wapi.

Kosa langu la kwanza kubwa nililifanya kwa mwalimu wa madrasa kutoka Koboko, kijana wa umri wangu, jina lake Juma. Alileta kitabu cha Kiarabu cha masomo ya dini, kinachosomwa kuanzia kulia, kilichoachia kurasa. Nilikishona vizuri sana. Kisha nikaweka jalada la mbele kwa upande wa kushoto, kama Biblia. Juma alipokuja kukichukua alikifungua, akakuta ukurasa wa mwisho. Akakifunga. Akakigeuza. Akakifungua tena.

"Fundi," akasema, "umenifundisha dini kutoka Siku ya Mwisho kurudi nyuma."

Mzee Candia hakunipigia kelele. Alinipa kisu kidogo nifumue, na tangu siku hiyo akaniwekea sharti moja: kabla ya kugusa karatasi ya mtu, muulize, mbele iko wapi? Nilimuuliza kila mteja, hata waliokuja na vitabu vya kupikia. Juma, ambaye sasa ni Sheikh Juma mwenye ndevu nyeupe, hakuacha kunitania. Kila alipoleta kazi aliiweka mezani na kusema, "Mbele iko hapa, Fundi. Nimekuwekea alama."

Miaka ilienda. Tulifunga rejista za mawakala wa Vurra, vitabu vya nyimbo, vyeti vya ubatizo, katiba za vyama ambavyo vilikufa kabla gundi haijakauka. Mzee Candia alistaafu, kisha akatutoka. Gundi ya kiwandani ikaja, nyeupe, ndani ya makopo, nami nikaifurahia kwa sababu haihitaji kukorogwa. Ikikauka haitoki tena kwa maji wala kwa maombi. Hilo niliona ni sifa.

Kitu kimoja zaidi mkijue kabla sijafika kwenye kesi yenyewe. Karakana yetu inapakana na duka la kalamu na madaftari. Watu wa mji huu hawanunui kalamu bila kuijaribu, na hawaijaribu kwenye karatasi yao. Wanachora duara, saini, nyoka, jina la mpenzi, kwenye ukingo wa karatasi yoyote iliyo karibu. Katika miaka yangu yote sijafunga rejista ambayo haikuwa na michoro hiyo pembeni. Kazi yangu ilikuwa kuiondoa kwa kisu. Jicho langu lilizoea: maandishi yaliyopangwa ni ya mwenye kitabu, mikwaruzo ya pembeni ni ya mjaribu kalamu.

Katika mwaka wangu wa mwisho aliingia Mama Estere. Anauza vitenge Koboko, na watu wake walitoka upande wa Yei, ng'ambo ya mpaka, wakati wa vita. Alikuja na bomba la bati lililozibwa kwa kitambaa. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja kubwa, ya kahawia, iliyokunjika na kuliwa kidogo chini.

"Fundi, hii karatasi iko ya baba ya mama yangu," akasema. "Mama anataka kuishika bila kuvunjika mikononi."

Niliitandaza. Maandishi yalikuwa meusi, ya mraba, kama yamechongwa kwa patasi ndogo.

"Ni Kiarabu?"

"Sheikh Juma aliangalia. Akasema si Kiarabu, lakini iko binamu yake. Ni Kiebrania."

Nikauliza ni karatasi ya nini, akanieleza. Babu yake, Yaakubu, alizaliwa katika familia ya Wayahudi waliotoka Misri wakakaa mji wa Omdurman, familia ya walimu wa dini watupu, baba mwalimu, ami mwalimu, babu mwalimu. Alipomaliza kusoma walimwandikia hii kwa mkono, kwamba tangu leo yeye ni rabi.

"Kama padri?" nikauliza.

"Padri anaoa?"

"Hapana."

"Basi si kama padri. Babu alioa."

Alioa Yei, alikofika kuuza vitambaa. Hakurudi tena kwao, na barua zikakatika. Watu wa Yei walimwita Mwarabu, naye hakuwasahihisha. Alipokufa, binti yake Mariamu, mama yake Mama Estere, alikuwa bado mdogo. Maisha yake yote Bibi Mariamu ameitwa mtoto wa Mwarabu, na wakati wa ugomvi aliitwa majina mengine, kwa sababu hakuna hata mtu mmoja wa upande wa baba aliyewahi kuja kusema, huyu ni wetu.

"Sasa amepatikana," akasema Mama Estere. "Mzee mmoja, Eliyahu. Baba yake na babu yangu walikuwa ndugu, tumbo moja. Kwao walijua Yaakubu alikufa bila kuoa. Anakuja Koboko Jumapili ya wiki kesho. Hataki picha ya simu. Anasema anataka karatasi yenyewe aishike. Akiiona atajua."

Nikauliza swali langu la miaka yote: mbele iko wapi? Akacheka, akasema huanza kulia. Nikasema nilijua. Nilijiona fundi aliyekomaa, na kwa kujiona hivyo sikuuliza kitu kingine chochote.

Kazi niliifanya kwa mapenzi. Niliilainisha karatasi kwa unyevu, nikaifuta kwa bonge la mkate mkavu, nikaandaa kitambaa chepesi cha pamba cha kuibandikia. Hapo chini, baada ya nafasi tupu, kulikuwa na ukingo ulioliwa na mchwa, na juu ya ukingo huo mikwaruzo mitatu, kila mmoja kwa wino wake. Wa kwanza ulizunguka kama kamba. Wa pili ulikuwa kama uzio uliolala. Wa tatu ulikuwa kama kuku aliyekanyaga wino akaondoka kwa haraka.

Mjaribu kalamu, nikasema moyoni. Hata Omdurman wapo.

Nikaweka rula. Nikashusha kisu. Karatasi ile ilikuwa ngumu, ya nyuzi, ya zamani, na nakumbuka nilikishika kile kipande nikakisifu: hiki kitafaa mgongo. Nikakitia sandukuni.

Mama Estere alirudi Alhamisi, siku tatu kabla ya mgeni. Nilikuwa nimeifanyia karatasi jalada la kukunja la kitambaa cha buluu, na nilimfungulia kama muuza dhahabu. Akatabasamu. Kisha macho yake yakashuka chini ya karatasi yakabaki pale.

"Majina iko wapi?"

"Majina gani, Mama?"

"Ya wale watatu. Waliosaini. Eliyahu anasema maandishi ya juu ni yaleyale kwa kila rabi. Anachotaka ni majina. Mmoja ni babu yao, baba ya Yaakubu. Ule mkono wake anaujua."

Wenzangu, hapa ndipo nawaomba mnisome kwa makini. Kumkatia mtu sahihi ya babu yake ni kosa. Lakini nililosema baada ya hapo ndilo linaloniamsha usiku.

"Labda ni mchwa," nikasema. "Chini palikuwa pameliwa."

Alipitisha kidole kwenye ukingo, taratibu, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Mchwa wa Arua iko na rula?"

Zubeda, aliyekuwa akishona nyuma yangu, aliacha kushona. Nikasema: "Ni mimi, Mama. Nilidhani mtu alijaribu kalamu. Nimekata."

Hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka mikono juu ya mapaja.

"Mama yangu amengoja huyu mtu tangu ni mtoto," akasema. "Nitamwambia nini? Kwamba saini imekuwa takataka?"

"Si takataka. Sisi hatutupi." Nikafungua sanduku la migongo na kulimwaga mezani. Tulipekua wote watatu, Zubeda, yeye na mimi. Kulikuwa na kalenda, ratiba, ramani ya Afrika bila kusini yake. Kipande changu hakikuwemo.

Maana yake kilikuwa tayari ndani ya kitabu. Nikafungua daftari la kazi. Tangu siku niliyokata nilikuwa nimeweka migongo mitatu: rejista ya wakala wa mizigo kule Vurra, kitabu cha nyimbo cha kwaya ya Ombaci, na kitabu cha Sheikh Juma. Na hapo nikakumbuka jambo la pili. Mgongo wa kwanza nilikuwa nimeubandika kwa gundi ya kopo. Kopo likaisha katikati ya wiki, duka halina, nikapika muhogo kama zamani. Lakini liliisha kabla ya kitabu cha pili au baada yake? Sikuwa na uhakika. Na kilichoshikwa na gundi ya kopo hakitoki kizima.

"Nitakwenda kesho," nikasema.

"Tutakwenda," akasema Mama Estere. "Sikuachi na kisu peke yako."

Ijumaa asubuhi tulikuwa Vurra, katikati ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Congo. Wakala ni mwanamume mnene ambaye madereva humwita Bosi Muhuri. Alisikiliza shida yetu huku akipiga mihuri.

"Wiki jana unafunga, leo unafungua," akasema. "Mutu mumoja, kitabu kimoja. Wewe ni fundi ao ni mwizi?"

"Leo ni vyote viwili," nikasema.

"Fungua basi. Lakini ukurasa moja ikipotea, nitakupeleka ng'ambo, Aru, kama mizigo."

Nikapasua kitambaa cha mgongo. Ndani mlikuwa na ratiba ya mitihani. Nilijaribu kuivuta kwa ajili ya kupima gundi, ikachanika vipande vinne. Mama Estere alivitazama vile vipande, kisha akatazama malori.

Mchana tulikuwa Ombaci. Mwalimu wa kwaya alituletea kitabu chenyewe, waimbaji wanne wakamfuata kuona. Nilipofungua mgongo, kwanza ilionekana chupa, kisha mkono wa msichana aliyeishika. Ilikuwa kalenda ya bia.

"Fundi," akasema mwalimu wa kwaya, "wiki nzima tumeimba zaburi juu ya bia."

"Ndiyo maana besi iko nzuri," akasema mmoja nyuma, na hata Mama Estere akacheka, mara ya kwanza tangu Alhamisi. Lakini kalenda nayo ilichanika. Gundi ya kopo. Basi kopo liliisha baada ya kitabu cha pili, au liliisha baada ya cha tatu. Nilikishona kitabu cha kwaya papo hapo.

Jumamosi asubuhi tulifika Koboko. Sheikh Juma alitukaribisha kwenye chumba cha madrasa, akaagiza chai. Nikamweleza kila kitu, na mchwa pia. Alisikiliza akishika ndevu.

"Nielewe vizuri," akasema. "Umetia karatasi ya Wayahudi ndani ya kitabu changu?"

"Labda, Sheikh."

"Na kwaya ulitia nini?"

"Kalenda ya bia."

Akafikiri. "Basi mimi umeniheshimu," akasema, akaenda kuleta kitabu. Alikiweka mbele yangu akagonga jalada kwa kidole. "Mbele iko hapa. Nimekuwekea alama."

Nilikata uzi wa kitambaa taratibu. Nikainua ncha. Nikaona kahawia. Nyuzi. Kisha nikaona unyayo wa kuku.

Nikalowesha kidole kwenye maji ya kunawia, nikagusa pembe ya kipande, nikangoja. Mkilowesha gundi ya kopo inabaki kama plastiki. Hii ilianza kuteleza chini ya kidole. Nikakipeleka puani. Harufu ya uji wa mgonjwa.

"Muhogo," nikasema.

Ilichukua asubuhi yote. Niliweka kitambaa chenye unyevu upande wa nyuma, sikugusa wino, nikangoja, nikainua unene wa ukucha mmoja, nikangoja tena. Mama Estere alishika taa ya simu. Sheikh Juma alikaa kimya, na kwa mtu anayemjua hilo ni jambo la kuandikwa. Kilitoka kizima. Lakini si chote. Pale ambapo gundi ilikuwa nyingi, kwenye lile jina lililozunguka kama kamba, mkia wa wino ulibaki kwenye mgongo wa kitabu cha Sheikh, umefifia, umegeuka. Huo sikuweza kuurudisha. Upo huko hadi leo.

Nilikipatanisha kipande na karatasi yake, ambayo Mama Estere alikuja nayo. Kwa nyuma nilitumia zile karatasi nyembamba zinazokaa katikati ya kurasa za albamu za picha, na muhogo mwepesi ambao mke wa Sheikh aliupika kwa maelekezo yangu. Aliukoroga bila bonge hata moja, jambo ambalo lilinichukua mimi wiki mbili. Kisha kazi ikahitaji uzito. Sheikh Juma akaangalia kote, akachukua vitabu vyake vinene vya sarufi, akavipanga juu ya hati ya urabi kimoja kimoja.

"Vikae mpaka kesho," akasema. "Mabinamu wakae pamoja."

Jumapili mgeni alifika nyumbani kwa Mama Estere. Mzee Eliyahu alikuwa mrefu, amevaa kofia ndogo na viatu visivyofaa matope yetu. Bibi Mariamu alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imekataa lakini macho mazima, amevaa gauni la sherehe tangu alfajiri. Mgeni alianza kwa Kiingereza. Bibi hakumjibu. Akamwambia kwa Kiarabu cha Juba, kile cha sokoni, aketi, maana amechoka na safari. Mzee Eliyahu akakaa chini ghafla kama aliyesukumwa.

Mama Estere alinitafsiria. "Anasema hiki ndicho Kiarabu alichoongea mpishi wao Omdurman, alipokuwa mtoto. Anasema mtu aliyemlea alikuwa anaongea hivi."

Jalada la buluu likafunguliwa. Mzee Eliyahu akatoa kioo cha kukuzia, akashuka moja kwa moja chini. Nilikuwa nimesimama mlangoni, ili nipate njia ya kutoka. Akaona mstari wa kisu. Hauwezi kufichwa, ni mnyoofu mno.

"Nani alikata?" akauliza kwa Kiingereza.

"Mimi, bwana," nikasema. "Nilidhani mtu alijaribu kalamu. Nimerudisha, lakini jina moja limepoteza mkia."

Kisha akarudi kwenye kioo, akaweka kidole karibu na unyayo wa kuku, bila kuugusa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na kulia kulikuwa ndani yake.

"Huyu ndiye babu yetu," akamwambia Bibi Mariamu, na Mama Estere akanitafsiria tena. "Baba yangu alikuwa akisema hakuna benki iliyowahi kuamini saini yake. Hakuna mtu mwingine duniani anayeandika vibaya hivi."

Akachukua mkono wa Bibi, akauweka juu ya kile kipande. Akamwita binti wa ami yake. Bibi hakuondoa mkono.

Baadaye mgeni aliombwa asome maandishi ya juu. Alifika mahali akasoma kwa sauti ya kuimba, kisha akaeleza: hapa wanauliza na kujijibu juu ya rabi mpya. Atafundisha? Atafundisha. Atahukumu? Atahukumu.

Bibi Mariamu akatikisa kichwa. "Baba hakufundisha. Alikuwa anauza vitambaa."

Akapapasa kitambaa cha buluu.

"Lakini watu wa kesi wote walikuja dukani," akasema. "Mutu na mke wake, mutu na jirani yake. Anawakalisha juu ya majora ya nguo, anasikiliza. Nilikuwa nafikiri kila muuza nguo anafanya hivyo."

Mzee Eliyahu aliandika maneno hayo kwenye kitabu chake kidogo. Jioni, alipoondoka, alinipa mkono. Hakusema amenisamehe na mimi sikumuuliza. Aliniambia jina lenye mkia uliopotea linaweza kusomwa kwa namna mbili, na kwamba ndugu zake kwao watabishana juu yake kwa miaka mingi, na watafurahi kuwa na jambo la kubishania. Nadhani alisema hivyo kwa wema. Mkia ule bado unanikaa moyoni.

Nimemaliza kesi. Zubeda, mambo machache kwako. Gundi ya kopo itumie kwa kalenda. Karatasi ya mtu ibandike kwa muhogo, ili atakayekuja baada yako aweze kusahihisha ulichokosea. Ukimuuliza mteja mbele iko wapi, muulize na mwisho uko wapi, maana mimi niliuliza nusu ya swali kwa miaka yote hiyo nikajiona nimemaliza. Na ukikosea, usiwatupie mchwa lawama.

Mzee Candia hakuwahi kunipa cheti, na mimi sijakupa. Haya maandishi nimeyaandika kwa mkono ili yawe hicho. Atashona? Atashona. Atapika gundi? Atapika, na bila mabonge. Atakata? Akiuliza kwanza, atakata.

Chini nimeacha nafasi ya vidole vitatu. Nimeweka saini yangu, nikampelekea Sheikh Juma aweke yake kutoka kulia, na Mama Estere akaweka ya kwake katikati, amejaribu kalamu kwanza palepale pembeni, kama kawaida ya watu wa huku. Usiuondoe hata huo mkwaruzo.